Asiye na Tai

"Umefanya nini?"

"Nimemfua."

"Umemfua nani? Askofu, umemfua..."

"Tai. Alikuwa mchafu, ndugu yangu, ana doa hapa kama..."

"Nani kakutuma? Nakuuliza, nani kakutuma ufue..."

"Ungeshukuru kwanza, halafu ndio..."

"Nishukuru kwa kuzikwa?"

Askofu alisimama katikati ya chumba, taulo kiunoni, mkononi ananing'iniza kitambaa chekundu kirefu kilichonyooka kama ulimi wa mbwa aliyetoka mbio. Maji yalikuwa bado yanadondoka. Mbele yake, kwenye ukingo wa kitanda, alikuwa amesimama Kiberiti. Alipanda kitandani makusudi ili amfikie mwenzake usoni, maana Kiberiti alikuwa mfupi, mwembamba, na ukimgusa kidogo tu anawaka. Jina hakulitafuta mbali.

Askofu naye hakuwa wa kanisa lolote. Aliitwa hivyo kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa na roho. Shati "ananibana". Ndoo "amejaa". Mlango ukikwama, yeye anakwambia "huyu leo kagoma". Wahadhiri walimsahihisha mwaka wa kwanza, wakamsahihisha wa pili, wa tatu wakanyoosha mikono. Mtu akibariki viti na ndoo namna ile, utamwita nani kama si Askofu?

"Fundo liko wapi?" Kiberiti aliuliza, na sauti ikapasuka.

"Fundo gani?"

"Fundo la tai!"

"Aah. Nimemfungua. Sabuni alikuwa haingii ndani."

Kiberiti alikaa chini. Tuseme alianguka, kitanda kikamdaka.

Ili uelewe kwa nini mtu mzima anaweza kukaribia kulia kwa ajili ya fundo, lazima ujue kwamba ile tai haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya chumba. Iliachwa na mkaazi wa zamani aliyeitwa Balozi, kijana aliyevaa tai hata akienda kuchota maji, na ambaye alihitimu kabla hawa wawili hawajaota ndevu. Balozi alifunga fundo moja nono, la pembe tatu, limekaa sawasawa kama limechongwa, kisha akaondoka zake. Tangu hapo kila aliyehamia chumba kile alikabidhiwa funguo, godoro lenye shimo, na agizo moja: usifungue. Ukitaka kuvaa, unapitisha kichwa kwenye kitanzi, unavuta. Ukimaliza, unalegeza, unavua kama mtu anayevua shanga. Na vyumba vingine navyo ni hivyo hivyo, kila kimoja na tai yake, na fundo lake la urithi. Chuo kizima kilikuwa kinapendeza kwa mafundo ya watu walioondoka. Kufunga, hakuna aliyejua. Nani alihitaji kujua?

Na siku ya kulifua fundo, Askofu akachagua asubuhi ambayo Kiberiti anakwenda kutetea utafiti wake mbele ya Profesa Nukta.

Profesa Nukta alikuwa mkuu wa idara. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa tai yake ya bluu yenye vitone vyeupe, aliyoivaa kila siku ya Mungu, na pia kwa sababu angeweza kukurudishia kazi ya kurasa mia kwa kukosa nukta moja. Mlangoni kwake kulibandikwa tangazo: *Mtahiniwa wa kiume asiye na tai haruhusiwi kuingia.* Lenye nukta mwishoni, bila shaka. Mwaka uliopita Kiberiti alifika pale shingo wazi, kwa sababu tai ya chumba ilikuwa imevaliwa na aliyemtangulia Askofu kukaa mle ndani. Profesa alimtazama shingoni, hakumtazama usoni hata kidogo, akasema, "Mwaka ujao." Basi. Mwaka mzima umemwagika kama chai mezani.

Na mwaka ule mzima, nyuma yake, mdogo wake alikuwa anapanda ngazi. Huyo dada aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa nyumba yao, na alikuwa idara ileile. Kiberiti akirudishwa na leo, basi mwakani yeye na Kitinda watatetea siku moja, watavaa joho siku moja, na mama yao atapiga picha moja ya wahitimu wawili, halafu kwa majirani ataanza kumwelezea yule mdogo.

"Funga," Kiberiti alisema.

"Mimi?"

"Wewe uliyefungua. Rudi ulikopita."

Askofu alijaribu. Fundo la kwanza lilifanana na la kamba ya ndoo. La pili lilikuwa zuri, ila halikulegea tena, ikabidi watumie uma. La tatu lilimfunga Askofu kidole. Wakafungua simu watafute video, ikatokea picha ya bwana mmoja anayetabasamu, ameshika tai mkononi, kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Salio la intaneti likakata, bwana akabaki anatabasamu.

"Anatucheka huyu," alisema Askofu.

Kiberiti akatoka kugonga vyumba. Jirani wa mkono wa kulia, aliyeitwa Meya kwa kupenda vikao, alifungua mlango upenyo tu.

"Tai ipo, lakini shingo ya kuivaa ni hii hapa. Na mimi natetea saa nne idara ya historia."

"Basi nifungie yangu."

Meya alicheka mpaka upenyo ukaongezeka. "Nikufungie? Hii yangu nimeikuta imefungwa, bwana. Nikilala naiota inafunguka."

Mkono wa kushoto, tai ilikuwa imeazimwa, iko harusini. Mwisho wa ukumbi alikuwepo mmoja mwenye tai ya zipu, lakini zipu imeng'oka meno. Kiberiti alirudi chumbani mabega yamelala. Watu husema fulani kafa na tai shingoni, maana yake kajitutumua mpaka mwisho. Yeye alikuwa anakwenda kufa bila hata hiyo tai.

Askofu, kwa kutaka kutubu, alikuwa keshaandika kwenye kundi la simu la wanafunzi wote. Alimsogezea asome. *Wapendwa, Kiberiti anaomba tai mmoja kwa dharura. Anatetea utafiti saa nne. Baada ya hapo atarudishwa akiwa mzima.*

"Watatucheka," alisema Kiberiti.

"Wacheke, lakini wataleta."

Kweli wakaleta. Mlango uligongwa kidogo tu baada ya hapo, akaingia Kitinda, hata kaka yake wa damu moja hajamsalimu, mkono mdomoni, anajizuia kupasuka. Nyuma yake aliingia mtunza maabara ya biolojia, koti jeupe, amekumbatia kitu kilichofungwa shuka. Juu ya shuka kilichomoza kichwa chenye mdomo uliopinda na macho mawili, moja la kioo, lingine kifungo cha shati.

"Nani aliyeomba tai?" aliuliza mtunza maabara.

Askofu alimnyooshea Kiberiti kidole.

"Tunaye huyu mmoja tu, amekaushwa. Msimpapase kichwani, manyoya yanatoka. Na asinyeshewe." Akamweka mezani, ndege mkubwa, mabawa yamekunjwa, kifua mbele kama askari wa gwaride. "Ila kijana, nikuulize. Unatetea utafiti wa nini, mpaka unahitaji tai?"

"Wa mawe," alisema Kiberiti kwa unyonge.

"Ahaa," alisema mtunza maabara, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaondoka.

Hapo ndipo Kitinda alipojiachia. Alicheka akakaa sakafuni. "Kaka mkubwa! Kaka yangu mkubwa! Umeomba tai, umeletewa wa kuruka!"

"Toka chumbani kwangu."

"Siendi popote. Mwakani tukisoma wote utanifukuza hivi?"

"Kitinda, nitakurushia kiatu."

"Rusha, utaenda peku, bila kiatu bila tai." Alijifuta machozi, kisha akamtazama yule ndege, akamtazama kaka yake, na kicheko kikamkatika ghafla. Alitoa simu yake. Humo alikuwa na picha ya tangazo la Profesa Nukta, kama alivyokuwa nayo kila mtu wa idara ile. Akalisoma taratibu, midomo inacheza.

"Kaka."

"Nini?"

"Vaa koti."

* * *

Waliokuwa kwenye korido ya idara asubuhi ile mpaka leo wanasimulia, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Ukweli ni huu. Kiberiti alikuja mbele, koti la Askofu linamfika magotini, shingo wazi, mfukoni ile tai nyekundu imening'inia mbichi. Kwapani, upande wa kushoto, alimbeba tai wa biolojia. Mkono wa kulia alishika jiwe lake. Lile jiwe lilikuwa la kazi, ndilo kielelezo kikuu cha utafiti, tutalifikia. Nyuma alifuata Kitinda, na nyuma kabisa Askofu, anasalimia milango.

Profesa Nukta alisimama mlangoni kama kawaida yake, anakagua shingo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Tai iko wapi?"

"Huyu hapa, Profesa."

Ndani ya chumba, mama mmoja mhadhiri wa takwimu, ambaye ndiye mtahini wa pili, alinyanyuka kitini ili aone vizuri.

"Nimeuliza *iko* wapi," alisema Profesa, polepole. "Sikuuliza *yuko* wapi."

Kiberiti alikuwa amepanga sentensi mbili njiani, zote zimetoroka. Kitinda akajipenyeza ubavuni.

"Samahani, Profesa. Tangazo halijasema *iko*, wala halijasema *yuko*. Limesema 'asiye na tai'. Kaka anaye."

"Anaye," aliunga mkono Askofu kutoka nyuma, kwa moyo wake wote.

Profesa Nukta aligeuka, akalitazama tangazo lake mwenyewe. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma tena. Unajua mtu anayesahihisha wenzake maisha yake yote anapokuta kosa na mwandiko ni wake? Shingo ilimwiva mpaka kwenye kola. Ndani, mama wa takwimu alikuwa amejifunika uso kwa faili, faili linatikisika.

Profesa akatoa kalamu mfukoni. Baada ya neno *tai* akachomeka *ya shingoni*, herufi ndogondogo, safi. Akahakikisha nukta bado ipo.

"Hilo ni la wanaokuja," alisema. "Wewe ingia. Na uingie upesi, nina kikao baada ya hapa, na sitaki kabisa kuchelewa kikao hicho."

Wakaingia. Tai akawekwa kwenye kona ya meza, akawatazama watahini kwa jicho la kioo na kwa kifungo. Kitinda na Askofu wakakaa nyuma, kwenye viti vya wasikilizaji. Kiberiti akaweka jiwe mbele yake, akapumua, akaanza.

Utafiti wake ulihusu mawe ya kuwekea viti. Katika chuo kile viti vya ukumbi mkubwa vilikuwa vichache kuliko makalio, kwa hiyo mwanafunzi akitaka kiti cha mbele, anawahi asubuhi, anaweka jiwe juu yake, anakwenda zake kunywa chai. Akirudi, kiti kipo na jiwe lipo. Jambo lililomshangaza Kiberiti, akaamua kulisomea, ni hili: bwenini kila kitu kinaibwa. Sabuni inaibwa, ndala zinaibwa, aliwahi kuibiwa hata sufuria yenye uji jikoni. Lakini jiwe, ambalo halina mlinzi wala kufuli wala jina, hakuna anayeligusa.

"Hilo lako umelitoa wapi?" aliuliza mama wa takwimu.

"Nimelirithi, Mwalimu. Limeshika kiti cha safu ya pili, pembeni, tangu enzi za waliohitimu. Huu mstari wa rangi nyeupe ni wao waliupaka."

"Na ulijuaje kwamba watu wanaheshimu jiwe, si kwamba wanamwogopa mwenye jiwe?"

Hilo alilijua. Macho yakamwaka. "Nilijaribu, Mwalimu. Asubuhi moja niliondoa jiwe la mtu nisiyemjua, nikakaa. Hakuna aliyenigombeza. Mwenye kiti alikuja, akanitazama, akaenda kusimama ukutani. Halafu safu nzima ikanyanyuka, mmoja mmoja, wakaenda kusimama naye. Nikabaki nimekaa peke yangu katikati, mhadhiri ananiuliza kama wenzangu wana mgomo. Nilirudisha jiwe kabla kipindi hakijaisha. Hata hivyo ndala zangu nilizikuta juu ya paa la bweni."

Mama wa takwimu alicheka wazi safari hii, akaandika kitu. Askofu alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari, maana yeye ndiye aliyepanda kuzishusha zile ndala, na alizishusha huku anazipa pole.

Profesa Nukta hakucheka. Alifungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole.

"Hapa umeandika kwamba utafiti huu 'utachangia maarifa katika jamii'. Kila mtu huandika hivyo. Mimi nimelikata hilo, kama unavyoona."

"Naona, Profesa."

"Sasa niambie kwa mdomo wako. Nani, nje ya chuo hiki, mtu mzima mwenye akili timamu, atahitaji kujua habari za mawe juu ya viti? Faida yake ni ipi? Kwa nani?"

Kiberiti alitazama jiwe. Jiwe halikumsaidia. Alimtazama tai, naye akatazama mbele tu. Angeweza kusema habari za uaminifu, za amani, za sheria zisizoandikwa. Yote hayo yalimjia kooni kwa pamoja, yakakwama mlangoni kama wanafunzi wanaowahi kiti. Alichosema mwishowe ni, "Kwa mtu... anayetaka kukaa."

"Kwa mtu anayetaka kukaa," alirudia Profesa, bila rangi yoyote sautini.

"Ndiyo, Profesa."

"Toka nje. Tutakuita."

* * *

Koridoni, Kiberiti alijibandika ukutani. Jiwe alilibeba, ndege alimwacha ndani.

"Kwa mtu anayetaka kukaa," alisema. "Nimesema hivyo kweli? Kinywa changu hiki?"

"Mimi nimempenda," alisema Askofu. "Alikuwa jibu mfupi."

"Wewe usiniongeleshe. Ungeacha ile tai na uchafu wake, saa hizi ningekuwa nimeingia kama watu, bila kumtia mzee aibu mlangoni. Ana hasira, naye ndiye anayetoa maksi."

"Wazo la ndege lilikuwa langu," alisema Kitinda. Safari hii hakucheka. Alikuwa anamkwangua kaka yake manyoya ya tai yaliyoganda begani, moja moja. "Akikurudisha, basi. Mwakani tutakaa wote. Mimi nitawahi, nitakuwekea kiti."

"Kwa jiwe?"

"Kwa jiwe. Sasa ulitaka kwa kitabu? Kitabu si kitaibwa."

Kiberiti alicheka bila kupenda, pumzi ya puani tu. Upande wa pili wa ua, kupitia dirisha la korido, maprofesa walikuwa wameanza kuelekea jengo la utawala, wawili wawili, faili kwapani. Mmoja mnene, wa idara ya kilimo, alikuwa amewatangulia wenzake, anatembea kwa haraka ya mtu anayewahi kitu.

Mlango ukafunguliwa. "Ingia," alisema mama wa takwimu. Uso wake haukusomeka. "Njooni wote."

Wakaingia. Profesa Nukta alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo, anatazama uleule ua. Faili la Kiberiti lilikuwa mezani limefungwa. Tai alikuwa pale pale. Kiberiti alisimama, jiwe mikononi.

Profesa hakugeuka mara moja. Alimfuata kwa macho yule mnene wa kilimo mpaka akaingia jengo la utawala, kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayeona basi linamwacha.

"Kuna kiti kule kwenye ukumbi wa vikao," alisema, akiliambia dirisha. "Karibu na feni. Mimi nimekalia kiti kile tangu nikiwa na nywele. Kila mtu anajua ni changu. Muhula huu wote, yule bwana wa kilimo anawahi, anakikalia. Nimemwambia kwa upole. Nimemwandikia. Nimewahi hata kuacha koti langu juu yake. Akalikunja vizuri, akanipa, akakaa."

Mama wa takwimu alikuwa anachunguza kalamu yake kwa makini sana.

Profesa Nukta akageuka. Aliangalia shingo ya Kiberiti iliyo wazi, na kwa mara ya kwanza macho yakapanda mpaka usoni. Akasogea karibu, akarekebisha tai yake ya vitone ambayo haikuwa imepinda, na sauti yake ikashuka ikawa ya mtu wa kawaida kabisa.

"Leo kaniwahi. Lakini kesho asubuhi tuna kikao kingine," alisema. "Kijana, naomba uniazime hilo jiwe."